Pango na Mlango

Kwa nini mtu akitaka kusimulia hadithi kwa picha hutafuta mahali penye giza palipofungwa pande zote? Habari za soko husimuliwa njiani, juani. Hotuba ya chifu hutolewa uwanjani. Lakini sinema ina chumba chake. Madirisha huzibwa, pazia jeusi huangushwa mlangoni, taa huzimwa, ndipo ukuta huanza kusema. Katika miji yetu ya Butembo na Beni vyumba hivyo vya video vyajulikana: kuta za mbao, mabenchi membamba, jenereta inayonguruma nje, na watoto wasio na senti wakichungulia katika nyufa. Tena siku hizi kuna chumba kingine, chembamba kuliko vyote, ambacho mtu hukibeba mfukoni: ni simu.

Wako wanaosema kwamba giza hilo ni mwalimu mbaya, lifungwe kabisa. Wako wanaosema kwamba ni mchezo tu, wala halina neno. Sisi twaona ya kuwa wote wawili wamejibu upesi mno. Basi, ndugu wasomaji, tulifikiri jambo hili polepole. Mahali palipofungwa humfanya nini mtu anayetazama? Humfungua macho, au humfunga akili?

Mapango ya watu wa kale

Tuanze karibu na kwetu. Ukitoka Beni kuelekea kaskazini, upande wa Irumu, utaufikia mlima Hoyo. Ndani yake mna mapango katika mawe ya chokaa. Pango moja huitwa Matupi. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale, Francis Van Noten, alichimba humo akakuta zana ndogo za mawe walizoziacha watu walioishi hapo maelfu mengi ya miaka iliyopita. Kwa hiyo pango si jambo geni katika nchi yetu. Kabla ya nyumba kuwako, pango lilikuwako. Na penye moto ndani ya pango, kivuli cha mtu huonekana ukutani. Twaweza kudhani kwamba sinema ya kwanza ya wanadamu ilikuwa hiyo.

Lakini wako watu wa kale walioacha picha zenyewe. Katika nchi ya Ufaransa, tarehe 12 Septemba 1940, vijana wanne waliingia katika tundu la ardhi karibu na mji wa Montignac. Wakakuta pango liitwalo Lascaux, ambalo kuta zake zimejaa farasi, mafahali na kulungu, waliochorwa yapata miaka 17,000 iliyopita. Wachoraji hawakuwa na mwanga mwingine ila moto na taa ndogo za mawe zilizotiwa mafuta ya wanyama. Taa ya namna hiyo haimuliki ukuta mzima. Humulika farasi mmoja, kisha fahali, kisha kulungu. Na kwa sababu mwali hutikisika, wanyama nao huonekana kama wanatembea. Aliyeishika taa ndiye aliyeiongoza hadithi.

Angalieni jambo moja. Watu hao waliingia pangoni kwa hiari yao, wakiwa na taa, nao waliijua njia ya kutokea. Pangoni waliona wanyama kwa namna ambayo mbugani wasingeweza kuwaona, maana mbugani mtu huwaona wakikimbia. Halafu wakatoka. Hakuna awezaye kukaa sikuzote mbele ya picha. Hata pango lenyewe halikuweza kuvumilia. Lilifunguliwa kwa watazamaji mwaka 1948, likafungwa mwaka 1963, kwa kuwa pumzi ya watu wengi ilikuwa ikiziharibu rangi. Mwaka 1983 watu walifunguliwa pango la mfano, lililotengenezwa karibu yake.

Picha za kutoka

Mfano wa pili watoka Roma. Chini ya ardhi ya mji ule mna njia ndefu nyembamba, zilizochimbwa kama mahandaki, zenye makaburi kulia na kushoto. Wengi hudhani kwamba Wakristo wa kwanza waliishi humo wakijificha. Sivyo. Mahali hapo palikuwa pa kuzikia wafu na kuwakumbuka. Jamaa walishuka pamoja, wakabeba taa, wakapita mbele ya picha zilizochorwa ukutani.

Je, picha hizo zilisimulia nini? Yona atapikwa na samaki. Vijana watatu wamesimama katika tanuru ya moto, wala hawaungui. Danieli yumo katika tundu la simba, naye mzima. Lazaro atoka kaburini. Tafakarini, ndugu: tumbo la samaki, tanuru, tundu la simba, kaburi. Yote ni mahali palipofungwa! Na kila hadithi ni hadithi ya mtu aliyepona humo. Watu wenye msiba, waliosimama shimoni chini ya ardhi, walijichorea picha za kutoka. Hawakulikana giza. Waliliambia kwamba lina mlango.

Hapo twaanza kupata jibu letu. Giza si adui. Mtoto mchanga hukaa gizani tumboni mwa mamaye, na mbegu hukaa gizani udongoni. Mahali palipofungwa huyakusanya macho yaliyotawanyika. Nje, jicho laona mambo mia moja, wala haliangalii hata moja. Ndani, jicho lina jambo moja tu. Ndiyo maana mtu hulia mbele ya picha gizani, naye mchana amempita mwenye kulia bila kusimama. Nguvu hiyo ni kubwa. Na kila nguvu kubwa yafaa iulizwe: yatumika na nani, nayo yatupeleka wapi?

Minyororo ya Plato

Mwenye hekima wa Wayunani, Plato, aliyeishi karne nne kabla ya Kristo, alitunga mfano ambao watu hawajauacha mpaka leo. Aliwaza wafungwa waliofungwa minyororo ndani ya pango tangu utoto, miguu na shingo, wasiweze kugeuka. Nyuma yao wawaka moto. Kati ya moto na wafungwa pana ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta huo watu wapita wakiinua sanamu za wanyama na vyombo. Wafungwa waona vivuli tu mbele yao. Na kwa kuwa hawajaona kitu kingine maishani, vivuli hivyo ndivyo wanavyoviita kweli. Mmoja afunguliwa, apanda juu kwa taabu, macho yamuuma kwa nuru. Hatimaye aliona jua. Arudi kuwaambia wenzake, nao wamcheka.

Mara nyingi watu husema kwamba Plato aliwalaumu wanaotazama picha. Sisi twaona lawama yake ni nyingine. Pango la Lascaux lilikuwa na giza, na la Plato lilikuwa na giza vilevile. Lakini waliochora Lascaux waliingia kwa miguu yao, na wafungwa wa Plato hawakuingia, walikuwamo tu. Wale walishika taa yao. Hawa hawakujua hata kama pana moto nyuma yao. Wale waliijua njia ya kutokea. Hawa hawakujua kwamba kuna nje. Ubaya, basi, hauko gizani wala katika vivuli. Uko katika mnyororo. Nao mnyororo ni huu: kutojua ni nani ainuaye sanamu, na kutodhani kwamba kuna mlango.

Kutoka tunduni mpaka chumbani, kisha kurudi tunduni

Sasa tuitazame historia ya sinema yenyewe, maana ina fundisho. Mwezi wa Aprili 1894, katika mji wa New York huko Marekani, watu walianza kulipa ili waone picha zinazokwenda ndani ya kasha la Edison. Kasha hilo lilikuwa na tundu juu. Mtu mmoja aliinama, akatia macho yake, akaona picha peke yake. Aliyesimama nyuma yake hakuona kitu. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Ufaransa walioitwa Lumière walionyesha picha zao ukutani mbele ya watazamaji waliolipa, katika chumba cha chini ya mkahawa mjini Paris. Siku hiyo walikuwa watu thelathini na kitu tu. Lakini waliketi pamoja, wakaona pamoja, wakacheka pamoja. Kasha lilimfungia mtu mmoja. Chumba kiliwafungia wengi pamoja, kikawafanya majirani.

Hapa Kongo nako chumba kilifika. Serikali ya kikoloni iliogopa. Iliweka sheria ya kuwazuia Waafrika wasitazame sinema ila zile zilizopitishwa kwa ajili yao, kana kwamba watu wazima walikuwa watoto. Wamisionari nao walitengeneza sinema. Huko Kasai, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst aliwachekesha watu kwa filamu za Matamata na Pilipili. Tusifiche neno: aliyechagua picha hizo zote alikuwa mgeni, na mtazamaji hakuulizwa. Huo nao ulikuwa mnyororo wa aina yake, hata kama mkono ulioushika ulikuwa mpole.

Hata hivyo, kilikuwako chumbani kitu kizuri ambacho hakikutoka kwa mgeni. Kilikuwa sauti ya jirani. Filamu ilisema lugha isiyojulikana, basi msemaji alisimama kando akaieleza kwa lugha ya watu. Desturi hiyo haijafa. Katika vibanda vya Uganda wako wanaofasiri filamu kwa Kiganda zinapoonyeshwa, na Dar es Salaam ilimjua sana Derek Gaspar Mukandala, aliyeitwa Lufufu, aliyefasiri filamu za ng'ambo kwa Kiswahili. Mfasiri wa namna hiyo haelezi maneno tu. Humcheka shujaa anayejisifu, humwonya mjinga, hulinganisha mambo ya mbali na mambo ya mtaani. Na watazamaji humjibu. Ni vigumu picha kumfanya mtu mfungwa, ikiwa pembeni yake yuko mwingine anayesema: "Ala! Jambo hili haliwezekani."

Sasa tumefika kwenye simu. Tazameni, ndugu, jinsi historia ilivyopinda. Kutoka kasha la tundu moja tulikwenda chumbani. Kutoka chumbani tumerudi tena tunduni. Mtu huinamisha kichwa, hutia masikio yake nyuzi, naye yuko peke yake katikati ya jamaa. Hana mfasiri. Hana anayecheka pembeni. Tena tundu hilo halifungwi saa nne za usiku kama chumba cha video.

Mambo tuliyoyaona kwetu

Huenda msomaji atasema: maneno hayo ni ya wenye vitabu, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola uko Mangina, katika wilaya ya Beni. Ulienea Beni, Butembo, Katwa na mahali pengine, mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walihesabiwa 3,470, waliokufa 2,287. Katika miezi hiyo uvumi ulitembea kutoka simu hata simu: kwamba ugonjwa huo ni wa kutungwa, kwamba katika vituo vya matibabu watu huuawa kusudi. Uvumi haukuwa sababu pekee ya ghadhabu. Watu walikuwa wamechoka na vita, nao walikuwa na haki ya kuuliza mbona wageni hawakuja wakati wa mauaji. Lakini uvumi ulitia mafuta motoni. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi wa Februari 2019. Tarehe 19 Aprili mwaka huo Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, mjini Butembo, alikokuja kutusaidia.

Kwa nini uvumi ulipata nguvu namna ile? Twaona sababu moja ni hii: kituo cha matibabu chenyewe kilikuwa mahali palipofungwa. Mgonjwa aliingia nyuma ya uzio, akapokewa na watu waliofunikwa uso na mikono, na pengine alirudi ndani ya jeneza. Jamaa walibaki nje. Macho yaliyonyimwa picha ya kweli yalijichorea picha yao wenyewe, na simu ikawaletea nyingine. Ukuta usioonyesha kitu haukai mtupu, hofu huuchora.

Na dawa yake? Mjini Beni, mwaka huohuo wa 2018, shirika la waganga liitwalo ALIMA lilileta vyumba vya plastiki angavu, kila mgonjwa na chumba chake. Mganga aliweza kumhudumia mgonjwa kwa kutia mikono katika mikono ya plastiki iliyoshonwa ukutani. Mama aliweza kusimama nje akamwona mtoto wake, akazungumza naye, akaona kwamba anapewa maji. Chumba kilifungwa bado, maana ugonjwa ulidai hivyo. Lakini kilikuwa na jirani. Pango lilikuwa limepata dirisha.

Jambo la pili ni chungu zaidi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameuawa vijijini na mashambani, mara kwa mara, kwa mapanga na bunduki. Na kila baada ya mauaji, picha za maiti husambaa katika simu, kabla hata jamaa hawajapewa habari. Kijana aona kichwa cha mzee wa kijiji cha pili, kisha kwa kidole hicho hicho aona mchezo wa mpira, kisha aona tangazo la sabuni. Je, ni halali kutazama? Je, ni halali kuwapelekea wengine?

Mtu mwema aweza kutujibu: "Tusipoonyesha, ulimwengu hautajua." Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Mauaji yaliyofichwa huzaa mauaji mengine. Lakini yafaa tutofautishe shahidi na mtazamaji. Shahidi huichukua picha, akaitunza, akaipeleka kwa mwenye mamlaka, kwa mwandishi wa habari, kwa hakimu. Naye yu tayari kusema: niliona, mahali fulani, siku fulani. Mtazamaji huituma picha kwa watu hamsini ili washangae, kisha aisahau. Shahidi amemfungulia marehemu mlango, ili kilio chake kitoke nje. Mtazamaji amemzika mara ya pili, katika tundu lisilo na jina lake. Marehemu huyo ana mama. Kama mama huyo angeketi pembeni yetu, tungethubutu kuitazama picha hiyo jinsi tunavyoitazama? Tukiona haya kwa kumfikiri tu, basi tumekwisha kupata jibu.

Tena tuwakumbuke watoto. Mtoto aliyekimbia usiku kutoka Oicha au Mbau, akalala porini akisikia risasi, akienda baadaye katika chumba cha video na kuona watu wakiuawa kwa mchezo, huona nini? Mwenzake wa mji wa amani aona hadithi. Yeye aona alichokiacha nyuma. Macho hayana pazia, wahenga walisema. Lakini wazazi na walezi wapaswa kuwa pazia la macho ya mtoto, mpaka aweze kujishikia taa.

Mambo matatu

Basi tufanye nini? Hatuombi vyumba vifungwe, wala simu zitupwe. Wakoloni walijaribu kuwachagulia watu la kutazama, na hatutaki kuurudia mnyororo ule. Mchimbaji wa dhahabu wa Lubero hashuki shimoni bila mambo matatu: taa kichwani, mwenzake juu, na njia ya kutokea. Mtazamaji naye ayashike hayo.

La kwanza ni taa, yaani swali. Kila picha inapomfikia, aulize: nani anainua sanamu nyuma ya ukuta, naye atafuta nini kwangu? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hata mwenye macho aweza kuambiwa geuka.

La pili ni jirani. Baba aketi na wanawe watazame pamoja, hata kama filamu hiyo yamchosha. Mwenye chumba cha video ajue ni watoto gani wako benchini. Katika vijumuiya na shule, filamu ikiisha, taa ziwashwe na watu wasiende nyumbani upesi, waulizane walichokiona. Mara nyingi watu kumi walioketi benchi moja wameona filamu kumi.

La tatu ni mlango. Picha yo yote iliyotuliza gizani na tukatoka nje bila kumtembelea hata mgonjwa mmoja, imetudanganya. Au sisi tumejidanganya wenyewe. Machozi ya gizani ni deni, nalo hulipwa mchana.

Watu wetu wengi wamejua kufungiwa: porini, nyuma ya uzio wa kituo, ndani ya nyumba milio ya bunduki inaposikika. Hawahitaji kufundishwa giza ni nini. Wahitaji hadithi za kutoka, na mtu wa kuzitazama pamoja nao. Msomaji aliye na simu mkononi na jirani pembeni aweza kuanza jioni ya leo.